Jua ni bure, mkopo ndio ghali: Kawi jadidifu ilivyoenea duniani

Mwaka 2024 dunia iliongeza mitambo ya kawi jadidifu yenye uwezo wa takriban gigawati 585. Kabla ya hapo haikuwahi kuongezwa mingi kiasi hicho ndani ya mwaka mmoja. Hesabu hiyo ni ya IRENA, shirika la kimataifa la kawi jadidifu lenye makao yake Abu Dhabi. Gigawati moja ni megawati 1,000, na umeme wote unaotumika Kenya kwa wakati mmoja, hata ile saa ya jioni ambapo kila nyumba imewasha taa na televisheni, haujafika gigawati tatu.

Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni ya jua. Hapo ndipo mtu wa Pwani ana haki ya kuuliza swali. Shirika la kimataifa la kawi, IEA, lilieleza mwaka 2022 kwamba Afrika ina asilimia 60 ya maeneo bora kabisa ya kuvuna umeme wa jua duniani, lakini ina asilimia moja tu ya mitambo yenyewe. Ujerumani, nchi ambayo watu wake husafiri hadi Diani na Watamu kutafuta jua, imetuacha mbali. Je, kasoro iko wapi?

Kwa ufupi, jua halina bei lakini pesa za kununulia mitambo zina bei. Makala haya yanaeleza jinsi kawi hii ilivyoenea, na kwa nini imeenea kule na si huku.

Kawi jadidifu ni nini

Ni kawi inayotokana na chanzo kisichokwisha kwa kutumiwa: jua, upepo, maji ya mito, mvuke wa ardhini, na mabaki ya mimea au samadi. Kinyume chake ni makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambavyo ukivichoma vimekwisha na moshi wake umebaki angani.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Majahazi yalikwenda Maskati na kurudi kwa kaskazi na kusi karne nyingi kabla ya injini, na chumvi ya Gongoni na Ngomeni hadi leo hukaushwa na jua na upepo. Jipya ni uwezo wa kugeuza jua na upepo huo kuwa umeme kwa bei nafuu.

Bei ilivyoanguka

Paneli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa Marekani mwaka 1954 na maabara ya Bell. Ilikuwa ghali kiasi kwamba wateja wake wa mwanzo walikuwa watu wa setilaiti. Vanguard 1, iliyorushwa mwaka 1958, ndiyo setilaiti ya kwanza kutumia sola.

Mambo yalibadilika kwa sababu za kisiasa zaidi kuliko za kisayansi. Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha sheria iliyomhakikishia yeyote mwenye paneli juu ya paa kwamba umeme wake ungenunuliwa kwa bei maalumu kwa miaka 20. Wajerumani wakanunua kwa wingi, viwanda vikapata soko la uhakika, kisha China ikaingia na kutengeneza kwa kiwango ambacho hakuna aliyekifikia. Leo zaidi ya asilimia 80 ya kazi ya kutengeneza paneli za dunia, hatua baada ya hatua, hufanyika China.

Matokeo yake ni haya: kwa hesabu za IRENA, wastani wa gharama ya kuzalisha yuniti moja ya umeme katika mashamba makubwa ya sola ulikuwa senti 46 za dola mwaka 2010. Mwaka 2023 ulikuwa umeshuka hadi senti 4.4. Ni bidhaa chache sana unazoweza kuzitaja sokoni zilizopungua bei hivyo katika miaka 13.

China yenyewe iliahidi kufikisha gigawati 1,200 za jua na upepo ifikapo mwaka 2030. Ilifika hapo mwaka 2024, miaka sita kabla ya wakati. Hata hivyo, nchi hiyo hiyo bado huchoma zaidi ya nusu ya makaa ya mawe yote yanayochomwa duniani. Tusifike mahali tukadhani makaa yameshazikwa. Mwaka 2024 kawi jadidifu ilitoa karibu theluthi moja ya umeme wa dunia, na umeme wenyewe ni kama sehemu moja kwa tano tu ya kawi yote inayotumiwa na binadamu. Magari, meli, viwanda vya saruji na majiko mengi bado vinategemea moto.

Gharama yote huja mwanzoni

Sasa tuje kwenye kiini. Jenereta ya dizeli ni rahisi kununua lakini kila siku inadai mafuta. Sola ni kinyume: unalipa karibu kila kitu siku ya kwanza, kisha miaka 25 inayofuata ni kufuta vumbi na kubadilisha kifaa kimoja kimoja. Kwa hivyo, anayejenga shamba la sola ni kama amenunua mafuta ya miaka 25 kwa mkupuo, na wengi hawana pesa hizo mfukoni. Hukopa.

Tufanye hesabu ya mfano. Mradi unagharimu shilingi milioni 100 na mkopo unalipwa kwa miaka 25. Riba ikiwa asilimia 3 kwa mwaka, mwenye mradi atalipa jumla ya takriban milioni 144. Riba ikiwa asilimia 15, atalipa takriban milioni 387. Paneli ni zile zile, jua ni lile lile, mafundi ni wale wale. Tofauti ya milioni 243 yote ni bei ya pesa, na itamfikia mteja kwenye tokeni zake.

Ndiyo sababu nchi yenye mawingu na mikopo ya bei rahisi huzalisha umeme wa jua kwa bei ya chini kuliko nchi yenye jua kali na mikopo ghali. IEA inasema gharama ya mtaji kwa miradi ya kawi Afrika ni mara mbili au tatu ya ile ya nchi tajiri. Wakopeshaji husema wanaogopa hatari: sarafu kushuka, serikali kubadilika, shirika la umeme kushindwa kulipa. Baadhi ya hofu hizo zina msingi. Lakini matokeo yake ni kwamba maskini anatozwa zaidi kwa kitu kile kile.

Njia nyingine ya kupata mtaji

Kwa Muislamu, riba ina hukumu yake inayojulikana. Lakini hata asiye Muislamu anaweza kuona kwamba hapa riba ndiyo imeshika bei ya umeme. Wenzetu wameanza kujaribu njia nyingine. Mwaka 2017 kampuni ya Tadau Energy ya Malaysia ilitoa sukuk ya kijani ya kwanza duniani, ringgit milioni 250, kujenga sola katika jimbo la Sabah. Mwaka uliofuata serikali ya Indonesia ilitoa sukuk yake ya kijani ya dola bilioni 1.25. Katika sukuk mwekezaji hakopeshi kwa riba. Anamiliki sehemu ya mali na kupata sehemu ya mapato yake.

Tuwe wakweli lakini. Kubadilisha jina hakushushi bei. Benki za Kiislamu zimekuwa Kenya tangu 2008, na anayenunua sola kwa murabaha anaweza kukuta faida ya benki inakaribia riba ya jirani. Kinachosaidia ni muda mrefu wa kulipa na hatari kugawanywa baina ya mwenye mtaji na mwenye mradi, badala ya mzigo wote kuachiwa mmoja.

Kwa miradi midogo kuna mlango tulio nao tayari: wakfu na sadaka jariya. Pampu ya sola kwenye kisima cha kijiji au paneli kwenye paa la msikiti hulipwa mara moja na waliojaaliwa, na manufaa yanaendelea bila bili ya mafuta. Morocco imeifanya hii kuwa sera ya serikali, kwa kuweka sola na taa zinazotumia umeme kidogo katika misikiti yake.

Pakistan: watu waliochoka kusubiri

Mfano wa kushangaza zaidi wa miaka ya karibuni unatoka Pakistan. Baada ya vita vya Ukraine kuanza mwaka 2022, gesi ilipanda bei na bili za umeme zikapaa. Wananchi hawakungoja mpango wa serikali. Wenye nyumba, wenye viwanda na wakulima wenye pampu walinunua paneli za China, na mwaka 2024 peke yake nchi hiyo iliagiza takriban gigawati 17.

Lakini kuna upande wa pili. Wenye uwezo walipopunguza kununua umeme wa gridi, gharama za gridi hazikupungua: mikataba ya mitambo ya zamani ilibaki, nyaya zilibaki. Mzigo ukaelekea kwa waliobaki, ambao ndio wasio na paa wala pesa za paneli. Mombasa yetu ya wapangaji wengi inafaa kulitazama hilo kwa makini. Mwenye jumba Nyali anaweza kujiondoa kwenye gridi. Mpangaji wa chumba kimoja Bangladesh au Kisauni hawezi.

Kenya ni kijani, mbona bili ni kubwa?

Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya unatokana na vyanzo jadidifu. Mvuke wa Olkaria, ulioanza kuzalisha mwaka 1981 kwa mtambo wa megawati 15, sasa hutoa sehemu kubwa ya umeme wetu. Kwa nini basi tokeni ni ghali?

Kwanza, mikataba mingi ya kununua umeme imeandikwa kwa dola, kwa hivyo shilingi ikianguka bili hupanda. Ndiyo maana stakabadhi ya tokeni ina kipengele cha sarafu za kigeni. Pili, zaidi ya asilimia 20 ya umeme unaonunuliwa na kampuni ya usambazaji hupotea njiani, kwa nyaya mbovu na kwa wizi. Tatu, mitambo ya mafuta mazito, ikiwemo ya Kipevu na Rabai, bado huwashwa, hasa jioni, na gharama ya mafuta hayo iko kwenye stakabadhi hiyo hiyo.

Jioni ni tatizo la sola kila mahali, kwa sababu matumizi hupanda saa ambayo jua limeshatua. Dawa yake ni betri, na bei yake nayo inaanguka. Kampuni ya utafiti ya BloombergNEF ilikadiria bei ya wastani ya betri za lithiamu mwaka 2024 kuwa dola 115 kwa kilowati saa, pungufu kwa asilimia 20 kuliko mwaka uliotangulia.

Nyaya na ardhi

Mitambo peke yake haitoshi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulikuwa tayari mwaka 2017, lakini ulikaa bila kuuza umeme hadi mwaka uliofuata kwa sababu njia ya kuusafirisha hadi Suswa haikuwa imekamilika. Serikali ililazimika kulipa fidia ya ucheleweshaji. Kisha mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilipatikana kinyume cha sheria, baada ya wenyeji kushtaki.

Pwani tuna somo letu. Mwaka 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Lamu, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Haki hiyo ya kushirikishwa haiondoki mradi ukiitwa wa kijani. Shamba la sola la Langobaya, Malindi, lenye megawati 40, limeonyesha kwamba jua la Kilifi linaingia kwenye gridi ya taifa. Yatakayofuata yatahitaji ardhi zaidi, na Pwani ardhi ni jeraha la zamani.

Maswali ya kuuliza

Desemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa Dubai, nchi za dunia zilikubaliana kuongeza uwezo wa kawi jadidifu mara tatu ifikapo 2030, yaani hadi gigawati 11,000. Baadhi ya wawekezaji hao watabisha hodi Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu.

Watakapofika, tusiishie kuuliza megawati ni ngapi. Tuulize: mkopo umetoka wapi na kwa masharti gani? Umeme utauzwa kwa shilingi au kwa dola? Njia ya nyaya itajengwa na nani, na lini? Ardhi inakodishwa au inachukuliwa, na mwenye ardhi atapata sehemu gani ya mapato kila mwaka? Kijiji kilicho karibu na uzio kitawashiwa stima, au kitatazama nyaya zikipita juu ya mapaa?

Maswali hayo hayahitaji digrii ya uhandisi. Yaulizwe barazani na kwenye vikao vya kaunti kabla ya wino kukauka, kwa sababu mikataba ya aina hii hudumu miaka 20 au zaidi, na mtoto anayezaliwa leo Langobaya atakuwa mtu mzima bado inalipwa.