Kwa nini moyo unaanzia P?

Uchakataji wa ishara nilijifunzia Ngerengere, kwenye chumba cha kupanga karibu na reli. Anayesomea uhandisi wa vifaa tiba halikwepi somo hili. Umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi ni kama milivolti moja tu, na umeme wa ukutani, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, unaingilia. Kazi yako ni kuvitenganisha.

Hesabu zilinishinda, mpaka nikajiuliza swali la kitoto: kwa nini mawimbi ya kipimo cha moyo huitwa P, Q, R, S, T? A ilienda wapi?

Kumbe A ilikuwepo. Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alipima moyo kwa zebaki iliyo ndani ya mrija mwembamba. Zebaki ni nzito bwana. Moyo ukiruka, yenyewe inachelewa. Mchoro uliotoka aliuwekea A, B, C, D. Halafu, mwaka 1895, akakokotoa kwa kalamu: zebaki isingechelewa, mchoro ungekuwaje? Huo wa hesabu ndio akaupa P mpaka T. Yaani alitaja mawimbi ambayo chombo chake hakikuweza kuyaonyesha. Baadaye aliunda galvanomita ya uzi, nayo ikachora umbo lilelile.

Mwaka 1905 alipitisha mapigo ya moyo kwenye waya wa simu, kutoka hospitali hadi maabara yake, kilomita moja na nusu. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, hii inayopita hapa kwetu. Ilifika Morogoro 1907. Einthoven alipata Tuzo ya Nobel 1924.

Siku moja nilichuja rekodi ya mazoezi mpaka mstari ukawa laini, nikafurahi. Kuangalia vizuri, ncha ya R imefupika na Q karibu imefutika. Na Q ndipo daktari anapotafuta kovu la shambulio la moyo lililopita. Einthoven aliipima kwanza kasoro ya chombo chake, ndipo akaiondoa. Mimi nilichukia kelele tu, nikafuta.

Angekuwa mgonjwa wa kweli, ningemrudisha nyumbani na mchoro mzuri wa moyo usio wake. Tangu hapo sifuti rekodi ghafi. Ile ya A naiweka pembeni ya ile ya P, nazisoma zote mbili.