Injini ya Kuwashia Tingatinga

Mwaka 1947 Waingereza walipoanza kufyeka pori la Kongwa, Tanganyika, kwa mradi wa karanga, walinunua hata matingatinga chakavu ya vita kutoka Ufilipino. Mradi ulikufa 1951. Wengine huulizia karanga. Mimi fundi huulizia injini ndogo iliyowasha matingatinga ya namna hiyo.

Tingatinga la Caterpillar D7 la enzi hizo halikuwashwa kwa stata ya umeme. Ubavuni lilibeba injini ya petroli ya silinda mbili, iliyoizungusha dizeli kubwa kupitia klachi na pinioni. Injini hizo mbili zilishirikiana maji ya kupozea, na joto la moshi wa ile ndogo lilipasha hewa ya dizeli, hata asubuhi ya baridi ikawaka. Ubunifu huo nauheshimu mno.

Nikiifanyia injini hiyo ndogo ovaholi naanza na magneto na kabureta, maana petroli iliyolala hugeuka gundi. Kisha pistoni: ringi zikigandana na silinda, nyundo huvunja. Mimina mafuta mepesi, subiri, ndipo uzungushe flaiwili kwa mkono. Silinda iliyolika huchongwa.

Wengi huing'oa. Ndugu mwenye tingatinga la zamani, iache mahali pake. Ukishawasha dizeli, funga koki ya petroli, injini ndogo inywe iliyobaki mpaka izimike yenyewe.