Bonde Lililofichika la Glencoe, Uskoti

Aliyeko barabarani hawezi kudhani kuna bonde huko juu. Njia hushuka kwanza mtoni, huvuka daraja, kisha hupanda kati ya milima ya Beinn Fhada na Gearr Aonach. Majira ya baridi mawe yake huvaa barafu nyembamba kama kioo, na mpandaji hulazimika kushika mwamba kwa mikono.

Ghafla, uwanda wa changarawe! Miamba iliyoporomoka zamani iliziba mdomo wa bonde, na kijito hudidimia chini ya mawe. Ukoo wa MacDonald, yasemekana, ulificha humu ng'ombe wa wizi. Kuwapandisha haikuwa kazi ndogo.

Alfajiri ya Februari 13, 1692, hapa Glencoe, askari waliokaribishwa na ukoo huo majuma mawili hivi waliwageukia wenyeji wao, wakaua wapatao 38. Wengine walikimbilia milimani kwenye theluji, na baridi ikawamaliza huko.