Amonia ya Kimiminika Isiyo na Maji

Amonia ya kimiminika ni gesi ya amonia iliyogandamizwa ndani ya tangi la chuma mpaka ikageuka kimiminika. Haina maji ndani yake. Jina "amonia ya maji", linalokuja upesi mdomoni, lina hatari, kwa sababu ni la kitu kingine: amonia iliyoyeyushwa katika maji, ambayo ni dhaifu zaidi. Istilahi kamili ni ndefu, lakini maneno "isiyo na maji" yasikatwe. Kemikali hii huvuta maji popote inapoyakuta, iwe udongoni au machoni mwa mtu.

Kwa uzito, asilimia 82 yake ni nitrojeni. Urea ina 46, na SA (salfeti ya amonia) ina 21. Ndiyo maana wakulima wakubwa wa mahindi wa Marekani huipenda. Trekta hukokota tangi na visu vinavyopasua ardhi sentimita 15 hadi 20, amonia ikaingizwa humo, nayo hunaswa na unyevu, mfinyanzi na mboji.

Lakini Newala, Tanzania, juu ya uwanda wa Makonde, udongo ni wa kichanga na maji ya mvua huzama upesi. Katika kichanga kikavu sehemu kubwa ya gesi ingepanda hewani. Tena mashamba mengi ya Newala na Masasi ni madogo, hulimwa kwa jembe la mkono, na kemikali iliyozoeleka ni salfa inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Hata hivyo amonia si ngeni kabisa huko: urea iliyomwagwa juu ya udongo wenye unyevunyevu bila kufukiwa hutoa gesi hiyohiyo, na mkulima hupoteza nitrojeni aliyoinunua.

Ikitoka tangini, amonia huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Kimiminika chake hugandisha ngozi na kuiunguza kwa pamoja. Gesi yake huchoma koo na mapafu, na jicho linaweza kupofuka. Gesi hiyo ni nyepesi kuliko hewa, lakini ikivuja ikiwa baridi hutambaa chini kama ukungu. Mwaka 1973, tangi la kiwanda cha mbolea huko Potchefstroom, Afrika Kusini, lilipasuka na watu 18 wakafa. Shaba na zinki nazo huliwa na amonia, hivyo koki za tangi hutengenezwa kwa chuma.

Aliyepatwa huondolewa kwenye gesi, huvuliwa nguo zilizolowa, kisha macho na ngozi huoshwa kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, huku akitafutiwa hospitali. Sharti hilo ni zito kwa uwanda ambao maji yake hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na ambao kaya nyingi hutegemea mvua iliyokingwa kwenye visima vya saruji. Tangi la amonia lisilo na akiba ya maji kando yake halifai kuwekwa karibu na watu, na akiba hiyo isiguswe kwa kupikia wala kunyweshea mifugo.