Maji ya moto ya mji wa Bath

Wasomaji wetu wa Kivu wamekwisha kuona maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto. Katika Uingereza kuna mji mzima uliojengwa kwa ajili ya maji ya namna hiyo. Unaitwa Bath, maana yake bafu tu.

Kila siku litri 1,170,000 hivi zinatoka chini, kwa joto la digri 46. Ni mvua ya zamani sana: ilizama ndani ya mawe zaidi ya kilometa mbili, ikapata moto, ikapanda tena katika ufa ikichukua chokaa, chumvi na chuma. Kwa chuma hicho mawe ya ukingoni yamekuwa mekundu kama kutu.

Waroma, walioingia nchi ile mwaka 43, walijenga hapo hekalu la mungu wao wa kike, Sulis Minerva, na birika kubwa lililotandikwa mabamba ya risasi. Birika lingaliko, lakini kilichotushika zaidi ni vipande vidogo vya risasi, 130 hivi, vilivyookotwa majini. Mtu alivua nguo aoge. Huku nyuma mwizi alizichukua. Basi mwenye mali aliandika mashtaka yake juu ya risasi, akaikunja, akaitupa katika chemchemi ili mwizi asipate usingizi mpaka arudishe. Mmoja aliyeibiwa fedha sita aliandika: awe mpagani au Mkristo, mtumwa au mtu huru. Kumbe ndugu zetu wa kwanza walikuwako, nao walishukiwa wizi sawa na wengine!

Kisha Waroma kuondoka, majengo yalianguka, matope yakayafunika. Mwaka 973 mfalme Edgar alivikwa taji katika kanisa la watawa wa pale. Katika karne ya 12 birika jingine lilijengwa juu ya chemchemi yenyewe, na wagonjwa wakaja. Mwaka 1539 Henry VIII aliifunga monasteri. Maji hakuweza kuyafunga.

Mwaka 1978 msichana mmoja aliogelea, akafa: kijidudu cha majini kiliingia ubongoni mwake. Watu wakakatazwa kuoga. Ilibidi kuchimba njia mpya mpaka kwenye maji safi, na bafu jipya likafunguliwa mwaka 2006. Humo tuliingia sisi jioni moja, juu ya paa, mvua baridi ikitunyeshea vichwani na maji ya moto yakitufika mabegani. Nguo zetu tulikuwa tumezifungia kwa ufunguo.