Mama aliyejifungua asingoje hedhi irejee ndipo apange uzazi

AKINA mama wengi huamini kwamba mwanamke aliyejifungua hawezi kushika mimba nyingine kabla ya kuona hedhi yake ya kwanza. Imani hiyo imewafanya baadhi yao kurudi kliniki wakiwa wajawazito ilhali watoto walio mgongoni hawajaanza kutambaa.

Ukweli ni kwamba yai hukomaa takriban wiki mbili kabla ya hedhi kuonekana. Kwa asiyenyonyesha, hali hiyo inaweza kutokea hata kabla ya mwezi kumalizika tangu ajifungue. Ndiposa hushauriwa kuanza kujikinga kufikia siku ya 21.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mama angoje angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Mimba zinazofuatana upesi huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzani mdogo, naye mama hupungukiwa na damu.

Kunyonyesha kwenyewe ni kinga, lakini kwa masharti matatu: mtoto awe hajatimiza miezi sita, anyonye maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi iwe haijarejea. Yote yakizingatiwa, chini ya wanawake wawili kati ya 100 hushika mimba katika kipindi hicho. Sharti moja likivunjwa, hata kwa kuanza kumpa mtoto uji, mama atafute njia nyingine bila kukawia.

Koili inaweza kuwekwa katika saa 48 za kwanza; muda huo ukipita, hungojewa hadi wiki nne. Ile ya shaba haina homoni na hudumu miaka 10. Vipandikizi vya mkononi na vidonge vyenye projestini pekee vinaweza kuanzwa mara tu baada ya kujifungua, hata na anayenyonyesha. Sindano ya miezi mitatu humtaka anayenyonyesha angoje wiki sita, na huenda uwezo wa kuzaa ukachelewa kurejea anapoiacha.

Vidonge vyenye estrojeni ndivyo vinavyohitaji tahadhari zaidi. Anayenyonyesha hushauriwa kungoja miezi sita, kwani vinaweza kupunguza maziwa. Hata asiyenyonyesha asivimeze kabla ya wiki tatu, kwa kuwa damu huganda mishipani kwa urahisi baada ya uzazi. Mwenye shinikizo la damu amweleze mhudumu mapema.

Baba naye ana sehemu yake. Kondomu hutumika wakati wowote, nayo pia hukinga dhidi ya virusi vya Ukimwi.

Mama anapompeleka mtoto chanjo ya wiki sita, aulize pia kuhusu uzazi wake. Bora zaidi, aamue angali mjamzito, ili asiondoke hospitalini bila kinga.