Viza ya kazi ya majuu: soma hapa kabla hujamlipa mtu

Kwa muda sasa napata maswali yanayofanana kutoka kwa vijana wa huku kwetu, kuanzia Kirua Vunjo, Kilema, Marangu mpaka Himo. "Kaka, hii viza ya wafanyakazi wenye ujuzi ikoje? Kuna jamaa anataka milioni kadhaa, anasema ndani ya miezi mitatu niko Uingereza. Nimpe?" Badala ya kumjibu kila mtu peke yake nimeona niiweke hapa yote, uisome hapo cafe, na ukitaka uprinti ukamsomee na mzee nyumbani. Maana mara nyingi hiyo hela inatoka kwa mzee. Na kama hana ng'ombe wa kuuza, kinachofuata ni kihamba, na wote tunajua kihamba kikishauzwa hakirudi.

Kwanza tuelewane, hii viza si bahati nasibu. Wengi tumekua tukiwaona kaka zetu wakijaza Green Card ya Marekani kwenye cafe za Moshi mjini kila ikifika mwezi wa kumi: piga picha, jaza fomu, sali, subiri. Viza ya ujuzi haiendi hivyo. Inaangalia cheti chako, kazi uliyopata (au pointi zako), na lugha. Wakala anaweza kukutafutia mwajiri, lakini sifa ambayo huna hawezi kukupa. Ndiyo maana ni vizuri ujipime mwenyewe kabla ya kukaa naye mezani.

UINGEREZA

Hii ndiyo inayoulizwa zaidi, na ndiyo ambayo habari zake za mtaani zimepitwa na wakati kuliko zote.

Viza yenyewe inaitwa Skilled Worker, ilianza Desemba 2020. Huwezi kuiomba bila kazi mkononi. Mwajiri wa kule lazima awe na leseni ya serikali yao ya kuajiri wageni, halafu akutolee namba ya udhamini, ile wanayoiita CoS. Bila hiyo namba hakuna maombi.

Sasa kwa nini mtaani kuna maneno mengi? Kwa sababu Februari 2022 Uingereza iliingiza kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani kwenye viza hii. Haikuhitaji digrii, na watu wengi kutoka Afrika walipita hapo, wakaenda na wake, waume na watoto. Machi 2024 wakazuia wahudumu wapya kwenda na familia. Tarehe 22 Julai 2025 wakafunga kabisa mlango wa kuajiri wahudumu hao kutoka nje. Kwa hiyo jamaa anayekuambia leo kwamba ana nafasi za kutunza wazee Uingereza na anakutoa hapa Tanzania, anakuuzia mlango uliofungwa.

Siku hiyohiyo ya Julai 2025 walipandisha kiwango cha kazi zenyewe. Sasa kazi inatakiwa iwe ya ngazi ya digrii, na mshahara wa kawaida usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango cha kazi hiyo kama kiko juu zaidi. Kuna unafuu kwa vijana wanaoanza kazi, na kwa kada za afya na elimu zenye viwango vyake vya mishahara. Baadhi ya kazi za ufundi zimewekwa kwenye orodha ya muda, ambayo imepangwa kuisha mwishoni mwa 2026, na anayeanza kwa kazi za orodha hiyo haruhusiwi kwenda na familia. Mpishi, dereva, muuza duka: hapo hamna kitu.

Kiingereza nacho kimepanda. Tangu tarehe 8 Januari 2026 mwombaji mpya anatakiwa awe na kiwango cha B2, zamani kilikuwa B1. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanasamehewa mtihani, hata kama umesoma sekondari kwa Kiingereza. Mwenye digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuithibitisha kupitia taasisi yao inayoitwa Ecctis, wengine wanafanya IELTS ya viza. Halafu kuna cheti cha kupima kifua kikuu, Watanzania wanakihitaji, na kipimo kinafanyika Dar kwenye kliniki iliyoidhinishwa, si hospitali yoyote. Daktari wa wilaya hata akikuandikia barua nzuri namna gani, haihesabiki.

Kuhusu hela, ada ya viza ya hadi miaka 3 mwaka 2025 ilikuwa pauni 769. Juu yake kuna tozo ya afya ya pauni 1,035 kwa KILA mwaka wa viza, na inalipwa yote mwanzoni. Wauguzi na wenzao wa viza ya afya wamesamehewa tozo hiyo, na ada yao ilikuwa pauni 304. Pia unatakiwa uonyeshe pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28, isipokuwa mwajiri akikubali kukudhamini kwa hilo. Zidisha mwenyewe kwa rate ya siku hiyo.

MANESI, SOMENI HAPA

Hili ni refu kidogo kwa sababu huku kwetu kila ukoo una nesi, au una binti anayesoma unesi. Kuna KCMC pale mjini, kuna Kibosho, kuna Kilema hapo jirani.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Orodha ya mwaka 2023 ilikuwa na nchi 55 na Tanzania imo. Uganda imo pia, Kenya haimo. Uingereza inaifuata orodha hii: waajiri wao na mawakala wao hawatakiwi kuja kusaka manesi kwenye nchi hizo. Lakini nesi mwenyewe, kwa hiari yake, akiona tangazo la kazi na kumwandikia mwajiri moja kwa moja, anaruhusiwa. Tofauti hiyo ni kubwa sana. Maana yake ni kwamba mtu anayefanya semina hotelini Moshi akisema ametumwa na hospitali za Uingereza kukusanya manesi wa Kitanzania, ama hajui kanuni, ama anazijua vizuri mno.

Wajerumani wamekaza zaidi. Kwao, kwa nchi zilizo kwenye orodha hiyo, kusaka wafanyakazi wa afya na kuwaunganisha na waajiri kunaruhusiwa kufanywa na shirika la ajira la serikali yao tu. Wakala binafsi hatakiwi kugusa.

Kwa Uingereza njia halali ya nesi inaanzia kwenye baraza lao la wauguzi, NMC. Unajisajili, baraza la wauguzi la hapa kwetu linathibitisha usajili wako, unafaulu Kiingereza (kwa IELTS ni 7, isipokuwa kuandika wanakubali 6.5), unafanya mtihani wa kompyuta, halafu ukishafika kule unafanya mtihani wa vitendo unaoitwa OSCE. Nesi aliyepita mchujo huo wa Kiingereza hatakiwi kurudia mtihani mwingine wa lugha kwa ajili ya viza. Ni safari ndefu, lakini kila hatua unaifuatilia mwenyewe kwa email yako, na kila ada unailipa kwa wenyewe.

UJERUMANI

Hapa ndipo ningemwambia fundi atazame, maana wenzetu hawa wanaheshimu ufundi. Sheria yao ya wafanyakazi wenye ujuzi ilianza Machi 2020, ikafanyiwa marekebisho makubwa kati ya Novemba 2023 na Juni 2024. Njia zipo kadhaa, nitagusa mbili.

Ya kwanza ni ya uzoefu. Kama una mafunzo ya miaka 2 au zaidi yanayotambuliwa na serikali ya kwenu, umefanya kazi hiyo miaka 2 ndani ya 5 iliyopita, na umepata mwajiri wa kule anayekulipa vya kutosha (mwaka 2025 kima kilikuwa euro 43,470 kwa mwaka), unaweza kwenda bila cheti chako kulinganishwa rasmi na cha Kijerumani. Hii haihusu kazi kama unesi ambazo zina usajili wake.

Ya pili ni Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024. Hii unakwenda kutafuta kazi ukiwa huko huko, kwa muda wa hadi mwaka 1, na wakati unatafuta unaruhusiwa kibarua cha saa 20 kwa wiki. Masharti ya kuingilia: mafunzo ya ufundi ya miaka 2 au zaidi, au digrii, inayotambuliwa na serikali ya kwenu, na lugha, Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Ukishavuka hapo unahesabu pointi, na unahitaji 6.

Tumchukue fundi umeme wa Uchira, ana miaka 26, amesoma ufundi miaka miwili na cheti cha serikali anacho, na amefanya kazi ya umeme miaka 2 ndani ya hii 5 iliyopita. Umri chini ya 35 unampa pointi 2. Uzoefu unampa 2. Amefika 4. Kijerumani cha A2 kinampa 1, bado hajafika. Akikaza mpaka B1 anapata 2, jumla 6, amepita. Angekuwa na uzoefu wa miaka 5 ndani ya 7 angepewa 3, na hapo A2 ingemtosha. Umeona lugha inavyoamua?

Kozi fupi za miezi mitatu au sita hazihesabiki hapa, hata kama wewe ni fundi kuliko mwenye diploma. Inauma lakini ndivyo ilivyo. Kama uko VETA sasa hivi na unafikiria kuishia njiani kwa sababu umeshapata vibarua, fikiria tena. Ofisi yao iitwayo ZAB ndiyo inayotoa uthibitisho wa cheti cha ufundi. Mwenye digrii anaangalia chuo chake kwenye mtandao wao unaoitwa Anabin, bure.

Kijerumani kinasomwa Goethe-Institut, Dar es Salaam. Wenyewe wanakadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 ili mtu afike B1. Kwa kijana wa Kirua hiyo ni nauli, chumba cha kupanga Dar na miezi mingi bila kipato, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo gharama halisi ya Ujerumani. Hela ya kuonyesha nayo haichekeshi: mwaka 2025 Chancenkarte ilidai euro 1,091 kwa kila mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka, kwenye akaunti iliyofungwa. Hela inabaki yako, unaitoa kidogo kidogo ukiwa kule, ila lazima iwepo kwanza. Wengi wanaona njia ya kutafuta mwajiri ukiwa hapa hapa ni afadhali kwa sababu hiyo.

Halafu kuna ile habari ya "Ujerumani inataka watu 250,000 kutoka Kenya". Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani walisaini mkataba wa uhamiaji Berlin, na namba hiyo ikasambaa dunia nzima. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikaikanusha, ikasema mkataba hauna idadi yoyote. Na hata ungekuwa nayo ni wa Wakenya. Kuvuka Holili kwenda Taveta hakukufanyi kuwa Mkenya, na paspoti ya kununua inaweza kukuharibia viza za maisha yako yote.

MAKARATASI NA MAWAKALA

Anza na majina. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo, jina la nyumbani na la ukoo, na kila shule iliandika ilivyosikia. Cheti cha kuzaliwa Aloyce, form four Aloisi, NIDA kitu kingine. Rekebisha hayo sasa, kabla ya paspoti. Paspoti ya kielektroniki, iliyoanza 2018, ni shilingi 150,000, na fomu inajazwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji. Tunza pia ushahidi wa kazi: mikataba, hati za mshahara, barua za mwajiri zenye tarehe. Fundi anayelipwa mkononi miaka yote hana cha kuonyesha, na hapo ndipo wazuri wengi wanapokwama.

Wakala wa ajira hapa nchini anatakiwa awe na leseni kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya huduma za ajira ya 1999 na kanuni zake za 2014. Muulize, iangalie, halafu wapigie TaESA kuhakikisha. Akikupa jina la kampuni ya Uingereza, orodha ya waajiri wote wenye leseni iko wazi kwenye gov.uk, tafuta "register of licensed sponsors" ukiwa hapo hapo cafe, dakika tano. Na kampuni ikiwa kwenye orodha usitulie, watu wanatumia majina ya kampuni za kweli. Waandikie kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao wenyewe, si ile ya Gmail uliyopewa, uwaulize kama wanakufahamu.

La mwisho ni CoS. Gharama zake ni za mwajiri, na tangu tarehe 31 Desemba 2024 kanuni zinamkataza kumbebesha mfanyakazi. Akifanya hivyo leseni yake iko hatarini. Kwa hiyo mtu akikuambia "CoS ni milioni kumi, nusu sasa nusu ukipata viza", umeshapata jibu lako.

Canada sijaigusa, ina pointi zake na inahitaji makala yake. Nitaileta. Mwenye swali aliweke hapo chini kwenye maoni, ila tafadhali taja umesomea nini, miaka mingapi na umefanya kazi wapi. "Nataka kwenda majuu nisaidie" siwezi kuijibu.